Adhabu Isiyopungua

Tangu watu walipoacha kulipiza kisasi kwa mikono yao wenyewe na kuupeleka ugomvi wao mbele ya mwamuzi, wamekuwa na hofu mbili juu ya mwamuzi huyo. Hofu ya kwanza ni kwamba huenda akawa mkali kupita kiasi. Hofu ya pili ni kwamba huenda akawa mpole kupita kiasi. Kwa ajili ya hofu ya kwanza, sheria iliweka ukomo wa juu wa adhabu, hakimu asiuvuke. Kwa ajili ya hofu ya pili, sheria nyingine ziliweka ukomo wa chini, hakimu asishuke chini yake. Ukomo wa juu haubishaniwi sana. Ukomo wa chini ndio unaowagawa watu wenye akili na nia njema, na mgawanyiko huo ni mkali zaidi katika makosa ya kubaka na ya kuwaingilia watoto. Nataka kulitazama jambo hili kwa utulivu, ingawa lenyewe si jambo la utulivu. Aidha, kabla sijamaliza, nitakiri kwamba katika habari hii mimi si mtazamaji aliyekaa mbali.

Kwanza na tujue sheria zasemaje. Kwa muda mrefu sheria za adhabu tulizorithi kutoka utawala wa Kiingereza zilitaja, kwa makosa haya, ukomo wa juu tu. Hakimu aliweza kutoa kifungo kirefu sana, na aliweza vilevile kutoa kifungo cha miezi. Tanzania ilibadili jambo hili mwaka 1998 kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana: mtu mzima aliyebaka hafungwi chini ya miaka 30, na kama aliyebakwa ni mtoto wa chini ya miaka 10, kifungo ni cha maisha. Kenya ilifuata mwaka 2006 kwa sheria iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa kuteuliwa. Sheria hiyo yapanga adhabu kwa ngazi za umri. Mtoto akiwa na miaka 11 au pungufu, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa na miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Akiwa na miaka 16 au 17, si chini ya miaka 15. Na aliyembaka mtu mzima hafungwi chini ya miaka 10.

Wako wanaodhani kwamba ukomo wa chini ni kitu kigeni, kilichozuliwa kwa kelele za wanawake wa mijini. Historia yawakanusha. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado changa katika uhuru wake, ilitungwa sheria ya adhabu za chini iliyomfunga hakimu mikono: kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24, nusu wakati wa kuingia gerezani na nusu wakati wa kutoka. Makosa yaliyotajwa yalikuwa kama wizi wa mifugo, uvunjaji wa nyumba, wizi wa watumishi wa umma na rushwa. Wazee wetu waliona kwamba mali ya watu ni kitu kizito, kisichostahili kuachiwa huruma ya hakimu mmoja mmoja. Sina ugomvi nao. Lakini kutoka 1963 hadi 1998 ni miaka 35. Kwa miaka hiyo yote ng'ombe alikuwa na ukomo wa chini uliomlinda, na mwili wa mwanamke haukuwa nao. Anayeuita ukomo huu kuwa ni upendeleo kwa wanawake, na atueleze kwanza upendeleo ule wa ng'ombe ulikuwa nini.

Hoja ya wanaoutetea ukomo wa chini yaweza kuwekwa kwa maneno machache, na mimi nitaiweka kwa nguvu zake zote, maana haifai kuipinga hoja katika udhaifu wake. Wasema hivi: Huruma ya mahakimu haikuwa huruma ya haki, bali huruma ya mazoea. Hakimu alikaa kitini na yote aliyolelewa nayo. Aliuliza mwanamke alivaa nini, alitembea saa ngapi, alipiga kelele au alinyamaza. Alimtazama mshitakiwa akaona baba wa watoto, mtu wa kazi, mtu wa heshima katika mtaa. Akamtazama mlalamikaji akaona taabu. Kisha akaipunguza adhabu, na kila alipoipunguza aliwaambia watu wote waliosikia kwamba jambo lile halikuwa kubwa sana. Sheria ilipoondoa uwezo huo ilisema na mtoto wa mwisho wa kijiji cha mwisho kwamba mwili wake una thamani ambayo hakimu hawezi kuishusha. Kadhalika ilisema na tajiri na maskini kwa sauti moja. Tajiri huwa na wakili hodari wa kuomba huruma, maskini hana. Mahali ambapo huruma hununuliwa, kuifunga huruma ni namna mojawapo ya usawa.

Hoja hii ni nzito, na asiyeuhisi uzito wake hajapata kusikiliza kesi ya namna hii tangu mwanzo hadi mwisho.

Wanaoupinga ukomo huo nao hawatetei ubakaji, na ni dhuluma kuwasingizia hivyo. Wao wanatetea kazi ya kupima. Wasema kwamba adhabu ni jibu la jamii kwa kitendo cha mtu fulani, na jibu haliwezi kuandikwa kabla ya kuulizwa swali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 28, yasema kwamba kila mtu ana utu na ana haki ya utu huo kuheshimiwa. Na mtu anayehukumiwa bila kutazamwa, kana kwamba ni mzigo unaotiwa alama pamoja na mizigo mingine, utu wake haukuheshimiwa. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la kuua kwa kukusudia ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa yamnyima hakimu nafasi ya kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu. Baada ya hapo mahakama za chini zikaanza kuitumia hoja hiyohiyo katika makosa ya ngono. Mnamo Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasema kwamba uamuzi ule ulihusu kuua kwa kukusudia tu. Hata hivyo, Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos, kwa kalamu ya Jaji George Odunga, ikaamua kwamba adhabu za chini za sheria ya 2006, kwa kadiri zinavyomwondolea hakimu hiari yake, zapingana na utu wa mtu. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikampunguzia mtu mmoja kifungo cha miaka 20 kuwa 15.

Kesi hiyo ya mwisho ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 12 Julai 2024 miaka 20 ikarudishwa. Majaji walitofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Adhabu ya lazima, walisema, ni moja tu, haina juu wala chini, na hakimu hana la kuchagua. Adhabu ya chini ni sakafu: hakimu hawezi kwenda chini yake, lakini juu yake ana nafasi ya kupima. Tena kuweka sakafu ni kazi ya Bunge, na kifungu chenyewe hakikuwa kimeshitakiwa ipasavyo kwamba chaikiuka Katiba. Basi kisheria neno limekatwa. Lakini neno lililokatwa katika sheria laweza kubaki bado halijakatwa katika nafsi. Mahakama ilisema nani mwenye mamlaka ya kuweka sakafu. Haikusema, wala haikuwa kazi yake kusema, sakafu yafaa iwe wapi. Hilo ndilo swali letu.

Watu wa kale walilijua swali hili. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alisema kwamba sheria husema kwa ujumla, na mambo ya wanadamu hayatokei kwa ujumla; kwa hiyo pana haja ya insafu inayoisahihisha sheria pale ambapo ujumla wake wamdhulumu mtu. Alitoa mfano wa waashi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia kipimo cha madini ya risasi, ambacho hujipinda kulifuata jiwe, badala ya kipimo cha chuma kinacholitaka jiwe likifuate. Ni mfano mzuri, lakini una hatari yake. Kipimo kinachojipinda kwa jiwe hujipinda pia kwa mkono unaokishika. Hofu ya wanawake waliopigania sheria za 1998 na 2006 haikuwa hofu ya risasi. Ilikuwa hofu ya mkono.

Wanazuoni wa fiqhi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameishi nayo kwa karne nyingi, nao waliigawa adhabu. Ziko hudud, ambazo kipimo chake hakibadilishwi na mwanadamu, na ziko taazir, ambazo kadhi huzipima kwa kuangalia mtu na kosa. Jambo la kuzingatia ni kwamba pale ambapo adhabu haikuweza kupunguzwa, wanazuoni waliongeza uzito wa masharti ya kuifikia: mashahidi wengi zaidi, maungamo yanayoweza kurudishwa, na kanuni kwamba shaka huiondoa hadd. Walifahamu kwamba huruma haifi kwa kuzuiwa mahali pamoja. Ikizuiwa mwishoni mwa kesi, hupanda na kukaa mwanzoni mwake.

Hapa ndipo ninapoliona jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita haraka. Tunazungumza kana kwamba ukomo wa chini huondoa hiari. Hauondoi, huihamisha. Hakimu asiyeweza kutoa miaka 5 kwa mtu anayedhani anastahili miaka 5 ana njia mbili: kutoa 15 au kumwachilia. Msomaji, jiulize: ni mara ngapi shaka ndogo imekuzwa ikawa shaka kubwa kwa sababu miaka 15 ilisimama nyuma yake? Mwendesha mashtaka naye ana hiari ya kuchagua shitaka. Askari wa zamu ana hiari ya kuandika malalamiko au kumwambia mama aende nyumbani akafikiri. Mjumbe wa kijiji ana hiari, wazee wa ukoo wana hiari, shangazi ana hiari. Wote hawa hutumia hiari yao bila kuandika sababu, bila kusikilizwa na umma, na bila rufani. Hakimu peke yake ndiye anayelazimika kusema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, kwa nini ameamua alivyoamua. Na ni yeye peke yake tuliyemfunga mikono.

Mwitalia Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia uovu si ukali wa adhabu bali uhakika wake. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi hata yamechakaa, lakini ukweli wake haujachakaa. Mtu anayemwinda mtoto hahesabu kama atafungwa miaka 15 au 20; huhesabu kama mtoto atasema, na akisema kama atasadikiwa, na akisadikiwa kama jambo litafika mahakamani.

Sasa nitatimiza ahadi niliyoiweka. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka kumaliza masomo ya shahada ya kwanza, na sheria ya 2006 ilikuwa bado miaka 3 kutungwa. Nilikwenda kuwatembelea jamaa zangu katika kijiji kimoja cha pwani. Siku ya pili niliitwa barazani kwa mzee wa nyumba. Walikuwapo wanaume sita au saba, na mama mmoja amekaa mlangoni, nusu ndani na nusu nje. Binti yake alikuwa na miaka 13. Mtu aliyemtenda alikuwa mwanamume mzima aliyepita miaka 30, jamaa kwa upande wa ndoa. Hakuna aliyekana kwamba jambo lilitokea. Mazungumzo yalikuwa juu ya kiasi. Wakakubaliana fedha kadhaa, mbuzi wawili, karo ya shule ya mwaka mmoja, na kwamba mtu yule aondoke kijijini kwa muda. Mzee wa nyumba akanigeukia akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma. Tuandikie maneno mazuri." Nikaandika. Sikuandika kitendo kwa jina lake. Niliandika "kutoelewana kulikotokea baina ya nyumba mbili". Wazee wakaisifu hati yangu na lugha yangu. Mama yule alisema neno moja tu mchana kutwa. Aliuliza, "Na yeye mwenyewe je?" Mmoja wa wazee akamjibu kwa upole, "Yeye ni mtoto, mwanangu. Atasahau."

Wazee wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa na huruma: kwa nyumba mbili zisivunjike, kwa watoto wa mtu yule wasikose riziki, hata kwa msichana asitangazwe. Walimhurumia kila mtu, ila waligawa huruma hiyo bila kumwita yule ambaye huruma ilikuwa ikitolewa kwa gharama yake. Mimi nami nilikuwa na huruma, tena na haya kwa wazee, na kiburi kidogo cha kuitwa msomi. Tangu siku ile nimejua kwamba mtu aweza kudhulumu kwa kalamu nzuri huku moyo wake ukiwa laini.

Nikitoka katika kumbukumbu hii na kurudi katika mabishano yetu, naona kwamba inazichoma pande zote mbili. Wanaoupinga ukomo wa chini hupenda kusema kwamba adhabu kali ndiyo inayowanyamazisha watu: mama huambiwa, "Utamfunga ndugu yako miaka 20 kwa mkono wako?", basi kesi hufa. Ni kweli hutokea. Lakini barazani pale hapakuwa na ukomo wa chini wa kuogopwa, na kesi ilikufa vilevile. Kimya hakikuzaliwa na sheria ya 2006. Sheria ilikikuta kimekwisha ota mizizi. Na wanaoutetea ukomo wa chini nao, ukomo huo ungemfaa nini msichana yule? Ungemzuia hakimu asipunguze adhabu. Lakini hakimu hakupata kumwona. Tumeufunga kwa komeo mlango wa mwisho wa nyumba, na wezi waliingia kwa mlango wa kwanza, ambao mimi mwenyewe nilisaidia kuufungua.

Mtunga sheria wa 2006, na apewe sifa yake, hakuusahau kabisa mlango wa kwanza. Kifungu cha 40 cha sheria ile kilisema kwamba uamuzi wa kuacha kupeleleza au kuacha kushitaki kosa la namna hii si wa askari, bali ni wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na baada ya Katiba ya 2010 kazi ya kushitaki ilikabidhiwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Maana yake ni kwamba askari wa zamu hana ruhusa ya kuipatanisha kesi mezani kwake. Ni watu wangapi wanakijua kifungu hiki? Miaka 15, 20 na maisha twaizungumza kila mahali. Kifungu cha 40 kimelala kitabuni. Twapenda sehemu ya sheria inayoonyesha hasira yetu kuliko sehemu inayodai kazi yetu.

Bado limebaki swali la sakafu yenyewe, iwe wapi. Fikiri watu wawili wamesimama mbele ya hakimu mmoja siku moja. Wa kwanza ana miaka 45, na msichana wa miaka 16 alikuwa chini ya ulinzi wake. Wa pili ana miaka 18 na miezi miwili, na msichana ana miaka 16 na miezi tisa. Wamesoma pamoja, na aliyeleta kesi ni baba aliyekasirika. Sakafu ni ileile kwa wote wawili: miaka 15. Kama kijana huyu angelifanya alilofanya miezi mitatu nyuma, angelikuwa yeye mwenyewe mtoto, na sheria za watoto zakataza mtoto kupelekwa gerezani. Siku moja ya kuzaliwa imemtoa katika malezi na kumtia katika miaka 15. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufani ya Kenya, wakisikiliza rufani ya kijana aliyefungwa kwa sababu ya msichana aliyekaribia miaka 18, walisema waziwazi kwamba wakati umefika wa kuuangalia upya umri wa ridhaa na adhabu hizi. Hawakusema hivyo kwa kuwadharau wasichana. Walisema kwa sababu waliona gereza linajazwa vijana ambao kosa lao si lile lililomliza mtunga sheria.

Upande wa Tanzania mgongano ulikuwa wa ajabu zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na sheria ya 1998 ilipotaja umri wa miaka 18 ilimtoa katika hesabu mke aliyefika miaka 15. Basi mtu yuleyule, msichana yuleyule, usiku uleule: akiwa amelipa mahari ni mume, asipolipa ni miaka 30. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ziliamua kwamba vifungu vile vya sheria ya ndoa vyapingana na Katiba. Nalitaja hili kwa sababu lafundisha jambo moja kubwa: ukali wa adhabu si ushahidi kwamba jamii imemwona mtoto. Yawezekana kuandika miaka 30 kwa mkono mmoja na kutia sahihi ya ndoa kwa mkono mwingine.

Lakini niseme haraka, kabla mtu hajanichukua kwa upande wake: mwanamume wa miaka 40 asijifunike shuka ya kijana wa miaka 18. Neno "walipendana" limekuwa kichaka cha watu wazima wengi. Mtoto aliyepewa zawadi, aliyetishwa kwa maneno matamu, aliyefundishwa kuona haya badala ya hasira, naye husema alipenda. Kwa hiyo mlango ukifunguliwa kwa kijana, uwe mwembamba kiasi ambacho mtu mzima hawezi kupita hata akijikunja.

Maoni yangu, basi, ni haya. Sakafu ya adhabu ni kiapo ambacho jamii hujiapiza kwa sababu yajua udhaifu wake. Kiapo hicho ni halali, na kwa historia yetu ni cha lazima. Lakini sakafu hupimwa kwa mtu mwenye hatia ndogo kuliko wote watakaosimama juu yake, si kwa mwenye hatia kubwa kuliko wote. Kwa mwenye hatia kubwa hakimu ana nafasi ya kupanda. Anayepima sakafu kwa mtu mbaya kuliko wote amejenga nyumba ambayo wengine wataponda vichwa vyao darini. Kwa hiyo, mtu mzima na mtoto, mlezi na aliyelelewa, mwenye nguvu na aliyelazimishwa: sakafu ibaki, na isiguswe. Vijana wawili wanaokaribiana umri, pasipo nguvu wala mamlaka: hakimu aruhusiwe kushuka, kwa sharti kwamba aandike sababu zake na kwamba upande wa mashtaka uweze kuzikatia rufani.

Sababu hizo nazo ziwe na kipimo. Wengi husema sababu ziwe za kisheria. Mimi naongeza: ziwe sababu zinazoweza kusomwa kwa sauti mbele ya yule aliyetendwa, akiwa amekaa pale, na msomaji asiinamishe macho. Huruma ambayo haiwezi kusemwa mbele yake si huruma, ni njama. Kipimo hiki ni rahisi kukitaja na kigumu kukipita. Mahakimu wa zamani waliouliza juu ya nguo wasingekipita. Wazee wa barazani wasingekipita. Hakimu anayempunguzia adhabu kijana wa miaka 18, mbele ya msichana ambaye hakuomba afungwe, nadhani angekipita.

Na kipimo hiki kinahusu maneno pia, ambayo ndiyo kazi yangu. Katika habari za mahakama twasoma kila siku kwamba mtoto "amenajisiwa". Najisi ni uchafu. Mtendaji amefanya uchafu, na lugha yetu imempaka mtoto. Twamtaka asimame kizimbani aseme kwamba yeye ni kitu kilichochafuliwa, kisha twashangaa kwa nini hasemi. Sheria yaweza kuandika miaka 20. Neno moja laweza kumrudisha nyumbani kabla hajaifikia. Kiswahili kina uwezo wa kusema mtu alimtenda mtoto jeuri, alimdhulumu, alimbaka. Maneno hayo humweka mtendaji mahali pa mtendaji. Wanaoandika magazeti, wanaotafsiri sheria, na sisi tunaofundisha, tuna deni hapa ambalo hakuna mahakama itakayotudai.

Mara kwa mara, ninapowafundisha wanafunzi wangu kuchagua neno sahihi, huikumbuka karatasi ile. Ilikuwa na mistari saba. Ilikuwa na sahihi za wanaume wote waliokuwapo, na ya mama haikuwapo. Sarufi yake haikuwa na kosa. Laiti siku ile ningalitakiwa kuisoma mbele ya msichana mwenyewe, nadhani nisingaliiandika.